Matembezi ya kipupwe Msimbati mpaka Ruvula: njia tamu, mama wa kijiji kawabeba, wapangaji bado

Haya, wale mnaoniuliza kama ile pakeji ya matembezi ya kundi kule Msimbati ina maana au ni kupigwa hela tu, mi nimeenda mwezi huu wa saba na nina ya kusema. Jina la kikundi silitaji, ni vijana wa hapahapa Mtwara mjini, tangazo lao mshaliona kwenye magrupu ya WhatsApp, lile lenye picha ya mchanga mweupe na ndege kibao wanaruka. Elfu 45 kwa kichwa, humo kuna usafiri kwenda na kurudi, chakula cha mchana, maji ya kunywa na muongozaji. Kiingilio cha hifadhi unajilipia mwenyewe na hilo tangazo halisemi, unaambiwa ukiwa umeshafika getini.

Kwa ambao hawajafika, tunaongelea ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, jina refu mpaka unakosa pumzi ndo maana kila mtu anasema Msimbati basi. Ilitangazwa mwaka 2000, ya pili nchini baada ya Mafia ya 1995, ina kama kilomita za mraba 650 na usifikiri zote ni maji, karibu 220 ni nchi kavu, kuna vijiji ndani, mashamba, misikiti, shule, watu wanaishi na kuvua humohumo kwa masharti yao. Kwaiyo sio kama Mikumi unakaa garini unaangalia tembo dirishani. Hapa unapita uani kwa watu. Hili lilitakiwa lisemwe kwenye gari kabla hatujashuka, halikusemwa, matokeo yake kuna dada wawili walishuka na vikaptula vya joging katikati ya kijiji cha Waislamu, wazee wamekaa barazani, ikabidi mama mmoja aingie ndani atoke na kanga awape bila hata kusema neno. Wakazipokea kwa aibu, wakasema asante mama, akawajibu haya wanangu karibuni, yakaisha. Nyie mkienda bebeni kanga au kitenge chenu.

Msimu wenyewe ni mzuri sana, hapo siwezi kuwalaumu. Kipupwe, Juni mpaka Agosti, mvua hakuna, jua lipo ila haliumi, asubuhi kinashuka kale kabaridi ka kwetu ka digrii 20 hivi ambako watu wa Njombe wanatucheka lakini sisi tunavaa masweta kabisa na tunaona sawa. Njiani kutoka Mangamba kushuka Madimba ukiwahi asubuhi unakuta watu wako kwenye mikorosho wanapuliza salfa, harufu inaingia mpaka ndani ya Haisi, jamaa mmoja kutoka Dar akauliza kuna kiwanda hapa? Tukamwambia huo ni ugonjwa wa mikorosho, ubwiriunga, unatibiwa, usipopuliza saa hizi maua yakitoka yanakauka na msimu wa korosho hauna kitu. Akapiga picha. Mi napenda sana hicho kipande cha safari, na ni bure.

Sasa tuje kwenye ratiba maana hapo ndo kuna shida yenyewe.

Tuliambiwa tukutane nje ya uwanja wa Nangwanda saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tumeondoka saa mbili na nusu. Sababu zile zile, huyu anamsubiri shemeji yake, Haisi ya pili dereva anatafuta mafuta, mpangaji mkuu simu yake haipokelewi. Kwenye safari ya kwenda Masasi ungesema poa tu tutafika, ila hapa tunakwenda kutembea pwani na siku yenyewe ilikuwa mwezi mpevu, maana yake bamvua, na bamvua kwetu maji yanakupwa kabisa kama saa nne nne na nusu asubuhi, baada ya hapo yanageuka yanaanza kujaa na ikifika saa kumi jioni yamejaa mpaka kwenye miti ya mivinje. Mtoto yeyote wa Msimbati anajua hii. Ratiba yao sasa, iliyochapwa vizuri na rangi, inasema saa nne ufukwe, saa saba chakula, saa nane kutembelea mikoko. Saa nane! Saa nane siku ya bamvua pale kwenye mikoko unaogelea.

Mi nawaambia hawa vijana wana moyo na ni wachangamfu, lakini wanauza bahari bila kuisoma.

Getini nako tumepoteza nusu saa nzima. Malipo ya hifadhi ni kwa kontrol namba, hamna kutoa keshi mkononi, na hiyo ni nzuri tu, shida ni kwamba kundi la watu ishirini na kitu lilitakiwa liombewe namba moja mapema mjini alipe mtu mmoja kwa niaba, badala yake kila mtu anaomba yake pale pale na mtandao unakuja unakata, wengine hawana salio, wengine wanaulizana mtu gani ana hela kwenye simu. Wahusika wa getini walikuwa wastaarabu sana na walijitahidi, tatizo letu wenyewe. Mnaokwenda kwa kundi ulizeni kabisa kontrol namba ishatoka au bado, ikiwa bado msipande gari.

Aliyeokoa siku ni muongozaji. Tangazo lilisema muongozaji mzoefu, mi nikajua kijana wa kofia na miwani, kumbe ni mama wa makamo wa hapohapo Msimbati, kajifunga kanga kiunoni, ndala mkononi, miguu peku. Ameipokea ile karatasi ya ratiba, akaisoma, akaikunja akairudisha. Akamwambia yule kiongozi wetu, mwanangu, mikoko kwanza, chakula na ufukwe vitatusubiri lakini maji hayakusubiri wewe. Kijana akaanza kusema lakini mama tumeshapanga, mama kashaanza kutembea. Tukamfuata wote na kiongozi akatufuata sisi.

Na hapo kwenye mikoko jamani, hata kama tulifika maji yameshageuka na tukapata kama saa moja tu badala ya mawili, hicho ndo kitu cha kulipia. Upande huo ni wa ndani, wa ghuba, umejificha na upepo, tope linafika kwenye kifundo cha mguu pengine shavu la mguu. Mama hatembei haraka. Anasimama kwenye kila mti anauliza huu mnaujua? Watu wa mjini sisi kila kitu mkoko tu. Kumbe mkoko wenyewe ni ule wenye mizizi inayoshuka juu ya maji imepinda, tunda lake linaota likiwa bado juu ya mti, refu limechongoka, likianguka maji yakiwa yamekupwa linajichoma kwenye tope linasimama hapohapo, likianguka maji yamejaa linaelea linaenda kuota kwingine. Mchu ni ule wenye vijizizi vimesimama chini kama misumari, ndo unavutia hewa kwa hiyo njia maana ndani ya tope hewa hamna. Akamwambia mtoto mmoja alambe jani la mchu, mtoto akalamba akakunja uso, chumvi! Mti unakunywa maji ya bahari unaitoa chumvi kwa majani. Tukaanza wote kulamba majani, watu wazima na akili zetu, mhasibu wa benki na mwalimu wangu wa zamani wa sekondari wamesimama topeni wanalamba majani.

Mlilana anasema mafundi wa mashua wanautaka kwa mataruma, zile mbavu za mashua, maana umepinda wenyewe, mkandaa ni wa kujengea, nguzo zake zimenyooka. Sio kwamba unaingia na panga unakata, kukata mikoko mpaka kibali, na alionyesha sehemu iliyowahi kufyekwa zamani na inaanza kurudi. Halafu akaokota tunda la mkomafi, duara, kubwa kushinda ngumi, akalipasua, ndani kuna mbegu za pembe pembe zimebanana. Akazimwaga kwenye kanga akasema haya zirudisheni zikae kama zilivyokuwa. Weee. Watoto wamejaribu, wazazi wamejaribu, wale wa chuo wa Stella Maris waliokuja na majivuno yao wamejaribu, hamna aliyeweza. Yeye anacheka tu. Hakusema jibu mpaka tunaondoka na mi mpaka leo silijui.

Pembeni kina mama wengine walikuwa wanaokota tondo na chaza kabla maji hayajawafikia, wanafanya kazi haraka, ndoo zimejaa nusu. Hapa ndo kuna kijana wa kundi letu akawasha spika. Singeli, sauti ya juu, katikati ya mikoko. Kiongozi wa matembezi yupo, anasikia, anacheka cheka. Mama akageuka akasema baba, zima, hapa watu wako kazini. Ikazimwa. Mi kwangu hilo ni kosa kubwa la wapangaji kuliko hata kuchelewa, sheria ya spika ilitakiwa iwe imeandikwa kwenye tangazo kabla ya bei. Mtu hajaacha muziki wa Mtwara mjini kuufuata Msimbati.

Ndege sasa, maana najua kuna watu wanakwenda kwa ajili ya ile picha. Hamtawakuta. Ndege wale wa makundi makubwa ya ufukweni wengi ni wageni wa kaskazini, wanakimbia baridi ya kwao wanaanza kufika kama Septemba, wanakaa huku kula kwenye matope mpaka Machi Aprili wanarudi kwao kutaga. Mwezi wa saba wako makwao wanalea. Tuliona yangeyange wachache na mdiria mmoja wa bluu aliyekaa kwenye tawi bila wasiwasi, basi. Kuweka picha ya Januari kuuza safari ya Julai sio sawa hata kidogo.

Cha ajabu wana kitu kikubwa zaidi cha kutangaza na hawakitangazi. Kipindi hiki cha kusi, upepo wa kusini, ndo nyangumi wanapita! Wale wenye nundu, wanatoka huko kwenye barafu za kusini mwa dunia wanapanda mpaka maji yetu ya joto kuzaa na kutafuta wenza, kuanzia Julai wanaonekana mpaka kama Oktoba Novemba. Mkubwa anafika mita 14, 15. Na pale Msimbati upande wa nje bahari ni ya kina karibu kabisa na ufukwe, kwaiyo huhitaji hata boti, unasimama mchangani unaangalia. Tulivyokuwa njiani kwenda Ruvula, mwisho wa matembezi yetu, kijana mmoja mvuvi anayetusindikiza akanyoosha mkono, pale. Sikuona kitu. Pale pale, subiri. Halafu moshi mweupe ukapanda juu ya maji, ukapeperushwa na upepo, ukapanda mwingine mdogo pembeni yake. Mvuvi akasema ana mtoto huyo. Kundi zima limekaa chini, hata yule wa spika kanyamaza, na tumekaa pale mpaka mpangaji akaanza kulalamika kwamba chakula kinapoa. Nimemuuliza mbona hamuweki hili kwenye tangazo, akasema hawezi kuahidi mnyama. Sawa, ila ndege umewaahidi.

Hicho kipande cha ufukwe chenyewe, kilomita kama sita saba kutoka Msimbati mpaka Ruvula, ni kizuri lakini lazima mjue mnachokwenda kufanya. Maji yakiwa yamekupwa mchanga wa chini umeshikamana, mgumu, magari yanapita bila kukwama na watu wanakuja kuringia hapo, ukitembea unateleza tu. Maji yakijaa mnasukumwa juu kwenye mchanga mkavu unaozama, kila hatua unalipa mara mbili. Sisi kwa sababu ya kuchelewa na kwa sababu mama kaweka mikoko kwanza (na alikuwa sahihi, ukiniambia nichague tena nachagua mikoko), ufukwe tumeutembea maji yanapanda. Kwenda sio mbaya sana, kusi inakupiga mgongoni inakusukuma. Kurudi ndo kiama. Upepo wa uso, mchanga unaingia machoni, watoto wanalia, bibi mmoja aliyekuja na wajukuu zake akakaa chini ya mvinje akasema mimi hapa ndo mwisho. Ikabidi ziitwe bodaboda kutoka kijijini, zile za matairi yaliyopunguzwa upepo, jamaa wanaendesha mchangani utafikiri lami. Waliopanda wamelipa mfukoni mwao. Kwa hela niliyotoa nategemea gari au bodaboda ya kurudishia wazee na watoto iwe ndani ya bei, au niambiwe mapema nijiandae.

Njiani utaona uzio na mabomba ya gesi, msishangae, hii ndo Mnazi Bay yenyewe ya habari. Gesi iligunduliwa hapa 1982, na kile kiwanda mlichokipita Madimba ndo kinaisafisha kabla haijaingia bomba la kwenda Dar, kilizinduliwa 2015. Jamaa wa Dar akaanza kuuliza kuhusu 2013 na maandamano ya gesi, wenyeji wakaangaliana, mzee mmoja akamjibu kaka, tembea kwanza. Akatembea.

Mzee huyohuyo ndo alitusimulia uvuvi wa baruti lakini, hilo alisimulia mwenyewe bila kuulizwa. Kwamba miaka ile ukilala unasikia mlipuko baharini, samaki wanaelea, wanaokota wachache wengine wanazama, na matumbawe yanabaki kifusi. Na kabla matumbawe hayajapumua ikaja ile joto ya bahari ya 1998 yakageuka meupe. Anasema sasa hivi nafuu. Kwa nusu saa aliyoongea mimi nimejifunza kuliko kipeperushi chao chote, na huyo hakuwa hata kwenye ratiba, ni mzee tu aliyekuwa anakwenda Ruvula na mambo yake akaamua kutembea na sisi.

Chakula: kumi kwa kumi. Kimepikwa kijijini, sio makopo ya wali baridi kutoka mjini kama wale wengine wanavyofanya. Ugali wa muhogo, changu wa kuchoma, pweza wa nazi, kachumbari, na ming'oko, ile mizizi pori ya kwetu, ya kuchemsha na chumvi kama kitafunio, wageni wakaila kwa wasiwasi mwanzoni, baadaye wanagombania. Wale wa kuswali walipewa muda na maji ya udhu bila kuomba. Pweza angeongezwa kidogo maana tuliokuja mwisho tumekuta mchuzi.

Choo kipo kimoja cha uhakika, kijijini, mkishatoka hapo kuelekea Ruvula ndo imetoka hiyo. Kina dada mjue. Sanduku la huduma ya kwanza nililiona, ndani kuna plasta na panadol, mtu mmoja alikatwa na chaza kwenye unyayo na walimhudumia vizuri kwa kweli. Sababu ya kukatwa ni yeboyebo, lile tope linavua yeboyebo linabaki nalo, vaeni raba za zamani za kamba mnazokubali kuziharibu. Na mafuta ya jua msidharau eti kwa sababu kuna baridi, upepo unakudanganya, jioni nimefika Shangani pua inabambuka.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Nyota zenyewe moja ya mama, moja ya waliopika, moja ya mahali. Wapangaji wakitaka ya nne waondoke saa waliyosema, kontrol namba iwe imelipwa, bei iseme kila kitu, na yule mama wamlipe vizuri na wamuulize yeye kabla ya kuchapa ratiba. Nilimpa kidogo cha pembeni, akakataa kwanza kisha akapokea, akaniambia ningewaleta na wengine nije bamvua, tena niwahi.

Kuna safari nyingine wametangaza ya mwezi wa nane, Jumamosi ya katikati. Nimempigia mpangaji kumuuliza siku hiyo maji yatakuwaje. Akasema dada usiwe na shaka, maji ya kunywa tunabeba katoni nne.